Alianza Lini?

Mtu mzima aliyekulia Temeke zamani zile hakuwa na ubavu wa kujidai mbele ya Bibi Mlezi. Ungeweza kuwa karani, umevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, ukimwamkia njiani, "Shikamoo, Bibi," angeitikia, "Marahaba, mwanangu. Siku hizi bamia unakula?" Kisha angewaeleza wapita njia jinsi ulivyokuwa ukizitema bamia ukutani kwake. Nilimwona siku moja msimamizi wa makuli wa bandarini, mtu ambaye wanaume wenzake walimkwepa, ameinamisha kichwa anasema, "Nakula, Bibi, nakula." Bibi akamuuliza, "Ulianza lini?" Yule mtu akafikiri kweli kweli, akasema alianza alipotoka jandoni. Bibi akaguna, akaenda zake.

Swali hilo alimuuliza kila mtu. Mtoto aliyekuwa hataki maharage akiyakubali, mama yake alikuwa na wajibu wa kwenda kutoa habari, na Bibi hakuuliza kingine ila hicho: alianza lini? Alitaka kujua mtoto ana umri gani, ameota meno mangapi, mvua ya mwaka gani. Sie tulidhani anatafuta sifa. Tulisema, huyu bibi anataka kila mtoto akishiba asifiwe yeye.

Mie sikumpenda, nasema mapema ili mtu asije akadhani namsifia maiti. Nilimheshimu, nilimhitaji, halafu nikamchukia kwa miaka mingi. Sasa nimezeeka kumshinda alivyokuwa yeye wakati ule, na bado sijui nimweke wapi.

Kazi yake ilikuwa kukaa na watoto walioachishwa ziwa. Wakati huo Temeke ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba moja moja, na wanawake wengi tulikwenda kulima Yombo au kuuza muhogo sokoni. Mtoto anayenyonya unamfunga mgongoni unakwenda naye. Aliyekwisha achishwa ndiye mzigo: ukienda naye analilia ziwa, ukimwacha analia, na chakula cha watu wazima hakijui. Huyo ndiye aliyepelekwa kwa Bibi Mlezi asubuhi, na kanga moja ya mama yake ili apate harufu ya kulalia.

Alikuwa na namna yake ya kulisha ambayo sijaiona kwingine. Chakula kiliwekwa katika sinia moja, watoto wakalizunguka, mlafi katikati na mkaidi ubavuni mwake. Kisha Bibi aliwapa mgongo. Aligeukia ua wa makuti, akachukua ukili wake akasuka, wala hakutazama nyuma mpaka makelele yaishe. Ukifika mapema kumchukua mwanao, nawe ulitakiwa ugeuke. Nakumbuka siku tulikuwa wanawake wanne tumesimama tumeutazama ua, tumenyamaza, na nyuma yetu watoto wanagombea kichwa cha dagaa.

"Mtoto ukimtazama mdomoni," alisema, "unamla wewe kabla hajala yeye."

Mama yangu mie, mzazi wangu, alicheka sana aliposikia habari hiyo. Mama alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye mikono mipana, na kwake mtoto hakuulizwa. Mtoto alijazwa. Alimlaza juu ya mapaja, akamfunga miguu katikati ya magoti, akaukunja mkono wa kushoto ukawa kama kikombe kidevuni, akamimina uji humo. Mtoto akifunga mdomo, Mama alimziba pua. Akitaka pumzi lazima ameze. Ndivyo alivyotulisha sisi, na ndivyo alivyolishwa yeye, na mitaa mizima ililisha hivyo. Sauti ya mtoto anayegugumia uji asubuhi ilikuwa ya kawaida kama ya jogoo.

Bibi Mlezi alikuwa mgumu kwa wakubwa na mlaini kwa wadogo. Mjukuu wa jirani akisema hataki ugali, ugali uliondolewa bila neno. Mama wa mjukuu huyo akisema amechoka, alitukanwa mpaka akakumbuka shida za ukoo wake. Watoto aliwaacha wafanye wapendavyo. Palikuwa na mtoto wa fundi cherehani aliyekula boga tupu mwezi mzima, boga asubuhi, boga mchana, hata kinyesi chake kikawa cha manjano. Siku moja akaamka, akaliona boga, akalia kama kaona nyoka. Hakuligusa tena. Palikuwa na binti aliyelamba majivu ya jikoni, akaacha mwenyewe akahamia kwenye ukwaju, akauacha ukwaju akapenda ngozi ya samaki peke yake, nyama yake akawapa wenzake. Wazazi waliwabeba watoto hawa wakilalamika, na Bibi akawajibu kwa msemo wake: "Mdomo wa mtoto ni mgeni. Mgeni haulizwi siku ya kwanza atazoea lini."

Lakini msemo haumzuii mama mwenye hofu, seuze bibi mzaa mama. Kwa hao alikuwa na neno jingine, nalo lilikuwa zito. Alisema: ni mwiko.

Siku hizi vijana hawajui uzito wake. Kila ukoo ulikuwa na chakula chake usichokila. Wapo wasiokula pweza, wapo wasiokula sungura, wapo wasiogusa kunde nyekundu, na mtoto hufuata mwiko wa baba. Akilishwa kwa makosa, ngozi humtoka mabaka, meno huanguka. Kwa hiyo mtoto akikataa kitu, Bibi Mlezi alimshika kidevu, akamtazama ulimi, akanusa utosi wake, akasema, "Huyu msimpe pweza. Pweza ni mwiko kwao." Ikiwa baba yupo na anasema si kweli, Bibi alimwambia akawaulize wazee wake vizuri. Tulidhani ana karama. Hata mtu wa bara kabisa, ambaye ukoo wake hakuna aliyeufahamu hapa pwani, Bibi aliusoma mwiko wake kwenye ulimi wa mtoto.

Naye mwenyewe alikuwa na wake, sote tuliujua: mtama. Uji alipika wa mchele, wa muhogo, wa mahindi, lakini unga wa mtama haukuvuka kizingiti chake. Ukimpelekea kibaba cha mtama alikushukuru akakurudishia mlangoni. Na uji wowote aliopika hakuuonja. Aliudondoshea kwenye kifundo cha mkono kujua moto wake, na chumvi akamwita mtoto mkubwa aionje. Wala hakuna aliyepata kumwona akila. Mlishaji wa Temeke nzima, na sie hatukujua anakula nini.

Sasa nije kwangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa kusini, mbali huko, mtu niliyekutana naye akifanya kazi bandarini. Zena wetu alikuwa hajatambaa baba yake alipochukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani ng'ambo. Nikabaki na mtoto, na Mama akaja kukaa nami. Zena aliachishwa ziwa vizuri tu. Alikula muhogo, alikula ndizi. Samaki hakutaka. Ukimkaribishia alifunga mdomo akageuza shingo. Mama akaona hiyo ni jeuri, maana samaki ndiye kitoweo chetu, mtoto wa pwani atakataaje samaki? Akaanza kumponda samaki ndani ya uji, na kumlaza mapajani.

Siku hiyo Bibi Mlezi alikuwa anapita na mzigo wa ukindu kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Zena yuko mapajani, uji umejaa mpaka kwenye pua, macho yamemtoka, na Mama ameibana ile pua. Mie nilikuwa nimesimama tu. Nakumbuka nilikuwa nimeshika upawa. Bibi aliutupa mzigo chini akaingia bila hodi.

"Mwacheni! Mnamlisha mwiko!"

Mama aliachia mikono kama aliyeshika kaa la moto. "Mwiko upi?"

"Samaki ni mwiko wa ukoo wa baba yake. Mnataka mwanajeshi arudi akute mtoto hana ngozi?"

Alimnyanyua Zena, akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka uji ukamtoka. Hata uji ulipokwisha hakutaka kumrudisha mikononi mwetu. Nilidhani ni kwa hasira.

Tangu siku hiyo samaki hakumgusa Zena. Mama akawa mlinzi wa mwiko kuliko mtu yeyote. Hata chungu alimtengea chake. Utaniuliza, mbona hukumwandikia mumeo? Barua zenyewe aliniandikia karani mmoja, na majibu yakija alinisomea yeye, kwa sauti. Nimwambie karani andika, mume wangu, naomba unijulishe mwiko wenu ni nini? Mwanamke asiyejua mwiko wa mumewe ni mke gani, alimpikia nini siku zote hizo? Niliona aibu. Aibu ndogo hivyo, ya kuchekwa na karani.

Halafu mvua zikakosa. Vita vilikuwa vimekula mchele, mahindi yaliyokuja yalikuwa ya kubahatisha, na mashamba yalitoa muhogo peke yake. Tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, na kitoweo kilikuwa dagaa au ng'onda, samaki wa kukausha. Zena yeye alikula bada kwa maji ya chumvi. Mboga za majani alizikataa, na mie sikuwa na kingine. Akaanza kunenepa mashavu. Majirani wakanipongeza. Kisha miguu ikajaa maji, ukibonyeza panabaki shimo, na nywele zikawa nyepesi, nyekundu. Akaacha kucheza. Alikaa mlangoni akituangalia sisi tukila dagaa, na Mama akamfunika uso kwa kanga asije akapata harufu.

Nilimpeleka kwa mganga wa zahanati. Akaniambia nimpe maziwa au samaki. Maziwa nitayatoa wapi? Nikamwambia samaki ni mwiko, akanitazama akaita mwingine. Nikaenda kwa Bibi Mlezi nikamweka Zena miguuni pake.

"Bibi, mwiko huu hauna dawa? Hautenguliki?"

Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Aliibonyeza ile miguu. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwake, na hata sikujua ni neno gani. Akasema, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anapika yeye?"

"Anapika yeye, Bibi."

Akashusha pumzi. "Basi niletee mtoto kila siku. Usikose hata moja."

Akawa anampondea njugu mawe na kunde, anaweka mbele yake, anageuka. Siku nyingine Zena alikula kidogo, siku nyingine hakula kabisa, na Bibi anasuka ukili. Mie nilikuwa naondoka nikilia njiani, maana sikuwa na la kufanya ila kumwacha pale na kwenda shamba lisilokuwa na kitu. Miezi ikapita. Miguu ikapungua, Zena akapona. Lakini hakurefuka. Mpaka leo hafiki bega la mdogo wake anayemfuata.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha. Siku ya pili yake nilimtengea kuku, kwa heshima. Akauliza, pwani hakuna samaki? Nikamwambia, si mwiko wenu?

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nani kakwambia? Sie kwetu tuna mto mlangoni. Mwiko wetu nguruwe pori, hana uhusiano na samaki."

Nikaenda nikamletea samaki wa Mama, wa kukaanga. Akala. Zena, mtoto wa miaka mitano, akasogea, akakaa karibu na baba yake asiyemjua vizuri, akanyoosha mkono kwenye sahani, akanyofoa, akatia mdomoni. Akatafuna. Akanyofoa tena. Hakuna aliyembembeleza. Mama alikuwa ukumbini, nikamsikia akisema "Lahaula" na kunyamaza. Mie nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo nikajipiga mapajani.

Sikwenda kwa Bibi Mlezi kumwambia Zena alianza lini. Nilipompita njiani nilimwamkia, maana shikamoo haizuiliwi, na nikapita. Watoto wangu waliofuata nilikaa nao mwenyewe. Miaka saba ilipita hivyo. Nyumba za serikali zikajengwa, mikorosho ikakatwa, Bibi akabaki katika kibanda chake kilekile, watoto wakimpungua kila mwaka.

Kisha nikasikia ni mgonjwa, hainuki. Mgonjwa lazima ajuliwe hali. Mie nikafanya jambo ambalo sina fahari nalo: nikapika samaki wa kupaka kwa nazi, mkubwa, mwenye kichwa chake, nikamtwisha Zena bakuli. Nilitaka amwone. Nilitaka aone mabega yake na kimo chake, halafu aone anakula nini.

Tulimkuta kitandani, amebaki mifupa na macho. Zena akamwamkia, akaweka bakuli juu ya kigoda akalifunua. Harufu ikajaa chumbani.

Bibi akamtazama Zena juu mpaka chini. Akasema polepole, "Anakula samaki huyu?"

"Anakula mpaka kichwa," nikasema. "Na ukoo wao wanakula. Na walikula siku zote."

Hakushtuka. Akaniuliza, "Alianza lini?"

Nilipandwa na hasira. Zena ndiye aliyejibu, kwa adabu, "Baba aliporudi, Bibi. Nilikuwa na miaka mitano."

"Mitano," akasema. Kisha akamwomba Zena akamchotee maji kisimani. Mtoto alipotoka nikamwambia yote. Nikamwambia miguu, nywele, kimo. Nikamwambia, ulimtazama na neno moja lingetosha, ungesema tu si mwiko, ningempa dagaa siku ileile.

"Ungempa wewe?" akauliza. "Au angempa mama yako?"

Nikalifunika bakuli la samaki.

"Ningesema si mwiko, angelazwa mapajani jioni ileile. Na sasa kwa njaa, wangemlaza kwa nguvu zaidi. Mtoto aliyevimba hana pumzi ya kushindana." Akavuta kanga yake kifuani. "Mwenye njaa nilijua namna ya kumfanya. Yule mwingine sijui."

"Yupi?"

Akaanza, ametazama paa, na hapo ndipo nilipojua kuwa aliwahi kuzaa. Alikuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa ameota meno manane. Alikula kila kitu isipokuwa uji wa mtama, na mwaka huo ndani palikuwa na mtama tu. Mavyaa, yaani mama mkwe wake, akasema mtoto hana budi kujazwa. Akamlaza.

"Wewe ulikuwa wapi, Bibi?"

"Mie ndiye niliyemshika miguu."

Nje tulisikia ndoo ya Zena ikigonga kisima.

"Nilimwambia mavyaa, hataki. Nikamwambia, anachoka. Hakunisikia, angenisikiaje, mie mkwe wa juzi? Uji ulikwenda kusiko, pumzi ikakatika. Baadaye nikawa nafikiri, ningesema nini ili anisikie? Usiku na mchana natafuta neno. Mama mkwe hasikii kilio, hasikii huruma. Akisikia ukoo, anaacha. Nililipata neno nimeshachelewa."

Nilikaa. Samaki alikuwa anapoa. Nilitaka kumwambia nimemsamehe na sikuweza, kwa sababu nilikuwa namwona Zena kupitia mlango, mfupi, anapambana na kamba ya kisima. Nilitaka kumlaumu tena, nikakumbuka upawa mkononi mwangu.

"Huwa nawauliza wote," akasema Bibi. "Wote waliokataa chakula. Alianza lini? Wengine baada ya mwezi. Wengine mwaka. Wako huyu na samaki wake kachukua muda mrefu." Akageuza kichwa akanitazama. "Miaka mitano si mingi. Ningeweza kungoja."

Hakuishi wiki mbili baada ya hapo.

Siku ile tuliporudi nyumbani, nikiwa bado uani nilisikia sauti ile ya kugugumia. Mama, na uzee wake wote, alikuwa ukumbini amemlaza mtoto wangu wa mwisho mapajani. Shabani alikuwa na mwaka mmoja na kidogo. Mkono wa Mama umekunjwa kidevuni, uji wa mahindi unamwagika kifuani, na vidole viwili vinaitafuta pua. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anashona kiatu.

"Mama, mwache," nikasema.

"Amalize kwanza."

"Mama, hataki."

"Mtoto anajua nini?"

Akaibana pua. Miguu ya Shabani ilikuwa inapiga, kisha ikaanza kupiga polepole. Nilisikia sauti yangu ikitoka, na haikuwa yangu.

"Mwache! Mahindi ni mwiko wa ukoo wa baba yake!"

Mikono ya Mama ikasimama. Aliniangalia, na nikaona wazi kuwa anakumbuka samaki, anakumbuka kila kitu. Akamgeukia mume wangu.

"Mkwe," akasema. "Ni kweli hayo?"

Mume wangu, aliyekula ugali wa mahindi mchana uleule, aliweka sindano chini. Akamtazama mtoto, akanitazama mie.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Kwetu hatuli."